Nani Analipia Taa ya Mchawi?

Ndugu msomaji, na hasa wewe mwandishi mwenzangu unayeficha daftari chini ya godoro, leo nimekuja na ugomvi. Sitaki kumvunja mtu moyo, ila kunyamaza nako kumenichosha.

Ugomvi wenyewe ni huu. Miswada mingi ya vijana wenzetu siku hizi ni ya dunia za kichawi. Sina neno na hilo, ni jambo jema. Neno langu liko kwa vitu vilivyomo. Utakuta kioo ambacho ukikisugua unaongea na mjomba aliye mji wa mbali. Utakuta jiwe linalowaka usiku kucha bila mafuta. Utakuta zulia linalobeba abiria kumi na wawili na mizigo yao. Halafu basi! Kioo hakina aliyekitengeneza, hakina anayekiuza, hakivunjiki, hakiibwi. Zulia halina nauli wala konda. Mimi kitu hicho sikiiti uchawi. Kioo hicho ni simu iliyovalishwa kanzu, na zulia lile ni daladala lililooga likajipaka manukato.

Ukiuliza unajibiwa, "Aa, bwana, si uchawi tu! Mambo ya kubuni hayaulizwi." Hapo ndipo ninapokataa. Ukiondoa mashine ukaweka uchawi mahali pake, uchawi huo lazima uwe na mwenyewe, uwe na bei, uwe na fundi, na awepo mtu anayeumia ili wewe upate mwanga. Bila hayo hujabuni dunia. Umebadilisha mapazia.

Wanaotetea uvivu huu hupenda kujificha nyuma ya Dungeons & Dragons. Kwa asiyeujua, huo ni mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Unachezwa mezani kwa karatasi, penseli na dadu: mmoja anasimulia dunia, wenzake wanaigiza wahusika, na dadu zinaamua nani kafanikiwa na nani kaumia. Michezo mingi ya kompyuta yenye mapanga na majoka imechota humo, kwa hiyo hata asiyewahi kukaa mezani ameonja mchuzi wake. "Mbona kule," wanasema, "uchawi upo tu na watu wanafurahi?"

Haya, tufungue kitabu tuone. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014 kuna uganga wa kuwasha moto usiozimika. Unaweza kuufunika au kuuficha, lakini hauzimwi kwa maji wala kwa kukosa hewa. Ndiyo taa ya umeme ya dunia ile. Ila mganga anahitaji unga wa yakuti nyekundu wa sarafu 50 za dhahabu, na unga huo unaisha palepale. Kitabu hichohicho kinasema kibarua asiye na ujuzi, yaani mtu wa deiwaka, analipwa sarafu 2 za fedha kwa siku. Dhahabu moja ni fedha kumi. Chukua penseli. Dhahabu 50 ni fedha 500. Gawa kwa mbili. Kibarua afanye kazi siku 250, asile, asilipe kodi, ndipo awashe taa moja!

Wakati huohuo chupa ya mafuta inauzwa fedha 1 na inawaka kwenye taa kwa saa 6. Huo ni nusu ya ujira wa siku. Kwa bei ya moto mmoja wa milele unapata chupa 500, yaani saa 3,000 za mwanga. Tajiri anayewasha saa 6 kila usiku atakuwa amerudisha fedha zake baada ya usiku 500, na kuanzia hapo yeye na wajukuu zake wanasoma bure. Maskini anaendelea kutoa nusu ya ujira wake kila jioni mpaka anaingia kaburini.

Umeona hadithi ilivyojileta yenyewe? Sikubuni kitu hapo, nimegawa hesabu tu. Na hesabu hiyo kwetu haihitaji mkalimani. Anayenunua mafuta ya taa kwa kibaba anajua kwamba mwenye uwezo wa kununua dumu zima analipa nafuu. Aliyewahi kupanga nyumba yenye vyumba sita na mita moja anajua vita ya umeme inavyoanza. Sasa mweke mwenye nyumba wa kichawi auning'inize moto wake ukumbini, apandishe kodi, kisha aufunike kwa sufuria kila ikifika saa nne usiku. Mweke binti anayetaka kusoma. Mweke muuza mafuta ambaye biashara yake inakufa. Riwaya hiyo. Wewe umeandika, "jiwe likawaka, wakalala salama."

Twende kwenye simu. Kanuni za mchezo huo zina mawe mawili ya jozi. Aliyeshika moja anampelekea mwenzake ujumbe usiozidi maneno 25, mwenzake anajibu kwa kipimo hicho, basi, mpaka alfajiri ijayo. Waliowahi kutuma telegramu wanaijua adha ya kuhesabu maneno. Lakini mwandishi wa Kiswahili ana jambo la ziada hapa. Mwingereza anahitaji maneno sita kusema "hatukukuandikia". Sisi tunatumia moja. Jiwe lilelile, mikononi mwa msemaji wa Kiswahili, linabeba barua karibu nzima! Nani kati yetu ameshawahi kuandika hadithi juu ya hilo? Dunia nzima ya wapelelezi wanaotafutwa kwa sababu lugha yao inabana maneno imelala pale, inasubiri. Sisi tunanakili kioo cha sinema.

Kuna walioyafanya haya kwa upana. Mwaka 2002 kampuni ya Wizards of the Coast iliitisha mashindano ya kubuni dunia mpya ya mchezo huo. Yakaingia mapendekezo zaidi ya 11,000. Akashinda Keith Baker, na kitabu cha dunia yake, Eberron, kikatoka mwaka 2004. Kule kuna treni ya radi na kuna meli zinazopaa. Lakini vyote vina wenyewe. Treni iko mikononi mwa ukoo wa Orien, meli za angani ni za ukoo wa Lyrandar, vituo vya kupeleka habari ni vya ukoo wa Sivis. Na kinachoisukuma treni ni pepo wa upepo aliyefungwa. Amefungwa! Mchezaji anaweza kukata tiketi akasinzia, na anaweza pia kukaa macho akijiuliza huyo aliye chini ya behewa anajisikiaje.

Zaidi ya hapo, ukoo wa Cannith ulitengeneza askari wa mbao na chuma wenye akili na nafsi, kwa ajili ya vita. Vita ikaisha, mkataba ukawapa uhuru na kupiga marufuku kutengeneza wengine. Askari hao hawali wala hawalali. Hebu fikiri asubuhi moja getini: kibarua asiyekula amepanga foleni pamoja na kibarua mwenye watoto watano. Mwajiri atamchukua nani? Na huyo mwenye watoto jioni akiwa na jiwe mkononi, atamchukia nani?

Sasa nageukia kwetu, maana wapo watakaosema nimelewa vitabu vya Wazungu. Mimi nasema bibi zetu waliyajua haya kabla ya dadu hizo. Katika masimulizi yetu, ukisikia tajiri ana shamba kubwa na hana vibarua, swali la kwanza la msikilizaji ni nani analima. Na jibu lipo: misukule wanalima usiku. Utajiri wa ghafla unaulizwa umetolewa kafara gani. Hata usafiri wa ungo una masharti yake, na tumesimuliwa mara ngapi kuhusu ungo ulioishiwa nguvu alfajiri na abiria wake kukutwa uchi juu ya paa? Bibi hakujua neno teknolojia, lakini alijua kwamba nguvu haitoki bure na chombo huharibika. Shaaban Robert naye, alipoiweka nchi nzima angani katika Kusadikika mwaka 1951, hakusahau kuiwekea mahakama na jela.

Mtaniambia msomaji amechoka, kashinda juani, anataka kupumzika na si kusomewa bili. Nakubali kupumzika ni haki yake. Lakini gharama haiui raha. Terry Pratchett, katika riwaya ya The Colour of Magic ya mwaka 1983, alimpa mtalii wake kamera. Ndani ya kisanduku amekaa kijini kidogo kinachochora picha kwa brashi. Kichekesho chote kiko hapo: kamera ina mfanyakazi. Mtoe kijini, ubaki na kisanduku kinachopiga picha "kwa uchawi", na hakuna atakayecheka.

Kinachoniuma hasa ni hiki. Sisi tumekulia katika miji ambamo redio inafunguliwa na kuungwa kwa risasi ya waya barazani, pasi mbovu haitupwi, na gari lililochoka kwingine linapata maisha ya pili kwetu. Tunamjua fundi, tunajua anavyosema "njoo kesho", tunajua spea bandia kwa kuigusa. Huo ni utaalamu. Kijana mwenye maisha yote mepesi angelazimika kufanya utafiti kuupata. Halafu tukishika kalamu, tunautupa wote dirishani na kuandika dunia ambayo hakuna kinachokatika, kama vile tunaona haya kwamba kwetu vitu hukatika.

Basi mwandishi mwenzangu, rudi kwenye mswada wako leo hii. Tafuta ile taa, kile kioo, lile zulia. Likorofishe. Mtafutie fundi wa mazulia kibanda karibu na stendi, mpe mwanafunzi mvivu na deni la uzi wa dhahabu. Usiku wa kwanza tu zulia likigoma hewani na abiria kumi na wawili, utaona jinsi watu wako wanavyoanza kusema wenyewe.

Anayebisha na aandike. Kurasa ni zetu sote. Kalamu naiweka chini.