Muswada Usiosomwa Halmashauri

Mama yangu aliijua nusu maili kuliko alivyoijua njia ya sokoni. Ni ule ukanda wa msitu uliotengwa mwaka 1941 ili watu wa vihambani wapate kuni na majani bila kuugusa msitu wenyewe. Ng'ombe wetu wa Kilema walifungwa bandani, na chakula chao kilishuka kichwani mwa mama. Mwaka 2005 mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ulishushwa, ukanda ule ukamezwa. Mama alizijua habari hizo siku aliponyang'anywa panga na kamba.

Nilimwendea diwani mmoja wa huku juu. "Kijana wangu," akaniambia, "hata mimi nilisikia redioni."

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Sitetei wakata miti. Msitu ukiisha, mifereji yetu itakauka. Lakini sheria inataka Bunge liridhie kabla Rais hajatangaza eneo kuwa hifadhi ya taifa. Kwa hiyo ilikuwapo siku ambayo neno la Kilema lingeweza kusemwa. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani, anakaa nao chumba kimoja. Miswada huchapishwa katika Gazeti la Serikali, na kamati za Bunge hupokea maoni ya wadau. Nani katika halmashauri zetu amepewa kazi ya kulisoma gazeti hilo? Mhasibu yupo, bwana shamba yupo, dereva yupo. Msomaji wa miswada hayupo.

Wataniambia miswada ilikuwa ya Kiingereza. Ni kweli, lakini mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria, udhuru huo nao umekwisha. Wengine husema serikali kuu haiambiliki. Mwaka 1972 ilizifuta halmashauri, na za wilaya zikarudi mwaka 1984. Mwaka 2003 ikaifuta kodi ya maendeleo, halmashauri zikabaki kungojea ruzuku. Kodi yenyewe sikuipenda, nani aliipenda? Ila chombo kinachoweza kufutwa kwa kura ya mchana mmoja, kinawezaje kutojua ni nini kinapigiwa kura?

ALAT, jumuiya ya tawala za mitaa, ipo tangu 1984, nayo husemea nchi nzima. Nusu maili haiko Mtwara. Ya kwetu tuyaseme wenyewe.

Na tuliwahi kuyasema. Walowezi walipotaka Waafrika wakatazwe kulima kahawa, wakulima wa mlima huu waliunda chama chao mwaka 1925, wakapambana na serikali ya Mwingereza. Mwaka 1957 Mangi Mkuu Thomas Marealle alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Hawa walikuwa watawaliwa, ndugu msomaji, hata Bunge la kwao hawakuwa nalo.

Niliandika barua nikiomba karani mmoja apewe kazi ya kulifuata Gazeti, na mbunge aulizwe katika kila baraza ni miswada gani inakuja. Nilijibiwa kwamba hoja yangu itaingia kwenye mengineyo. Siku hiyo nilikwenda kusikiliza. Yalipofika mengineyo, akidi ilikuwa imekwisha vunjika. Madiwani walikuwa nje wakisaini posho.