MWENYE MALI HAKOPESHWI MALI YAKE



Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi makarani wa mgodi twaijua kazi ya daftari. Mtu akitoka magazini na nyundo, jina lake laandikwa. Jioni nyundo isiporudi, ataulizwa. Basi leo twafungua pamoja nanyi daftari la mwaka 2022, mwaka ambao mabwana wakubwa wa Ulaya walitangaza kwamba mali ya Kongo, iliyofungwa katika makumbusho yao, sasa itarudi kwetu. Tutazame kilichorudi.

Mwezi wa Februari serikali ya Ubelgiji ilimpa Waziri Mkuu wetu wa wakati ule, Sama Lukonde, orodha ya vitu kama 84,000 vilivyomo katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Tulipewa karatasi, vitu vilibaki kulekule.

Tarehe 8 Juni Mfalme Philippe alifika katika makumbusho ya taifa Kinshasa na kinyago kimoja, Kakuungu cha Wasuku. Hata hicho kimoja hakikuandikwa kuwa chetu. Kililetwa kwa mkopo usio na mwisho. Kisha Mfalme akaja Lubumbashi, akasema na wanafunzi katika Chuo Kikuu. Kinshasa ilipata kinyago cha mkopo, sisi tukapata hotuba.

Tarehe 20 Juni jino la Patrice Lumumba lilikabidhiwa kwa watoto wake Brussels. Lilikuwa limechukuliwa na polisi Mbelgiji baada ya Lumumba kuuawa hapa Katanga, 17 Januari 1961. Lilitembezwa katika nchi, likafika hata Shilatembo, mahali alipouawa. Hilo lilirudi kweli, nasi tulisimama kwa heshima. Lakini lilikaa ugenini miaka 61.

Huo ndio mwaka wenyewe, ndugu. Karatasi moja, kinyago kimoja cha mkopo, hotuba, na jino la mtu aliyeuawa. Je, mtu akiibiwa baiskeli, halafu aliyeichukua amkopeshe baiskeli ileile, jamaa zake watapiga makofi?

Watajibu: vitu vile havikuibwa, vilinunuliwa au vilitolewa zawadi. Vingine labda. Lakini tuulize habari za chifu Lusinga wa Watabwa. Mwezi wa Desemba 1884, Émile Storms, afisa Mbelgiji aliyekaa Mpala penye Ziwa Tanganyika, alituma watu wenye bunduki wampige Lusinga katika milima ya Marungu. Wakamkata kichwa. Storms alikipeleka kichwa kile Ubelgiji, pamoja na sanamu ya mti iliyokuwa ya ukoo wa chifu. Sanamu ikaingia katika makumbusho ya Tervuren, na watu wakaisifu uzuri wake. Fuvu likawekwa Brussels, katika nyumba ya wataalamu wa viumbe, kama fuvu la mnyama wa porini. Hiyo ndiyo zawadi?

Tarehe 3 Julai mwaka uleule wa 2022 Ubelgiji ilifanya sheria ya kufungua njia ya kurudisha vitu vya wakati wa ukoloni. Ni hatua, hatukatai. Lakini sheria ile haikugusa mifupa ya watu. Kwa sheria ile vitu vya mti vyaweza kuombwa, bali kichwa cha Lusinga mwenyewe hakimo. Mti una haki kuliko mtu!

Wafanyakazi wengine watasema: haya ni mambo ya wasomi, sisi twatafuta unga. La, ndugu. Shuleni wengi wetu tulifundishwa kwamba shaba ya Katanga ilianza na Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Lakini mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimbua makaburi ya kale ya Sanga, penye Ziwa Kisale, wakakuta wafu wamezikwa na misalaba midogo ya shaba, shaba iliyoyeyushwa na watu weusi karne nyingi kabla ya Mzungu kufika. Mtoto asiyeona msalaba ule ataamini kwamba babu yake hakujua kitu ila kubeba mzigo. Na mtu anayeamini hivyo atakubali mshahara wowote.

Watasema tena: ninyi hamjui kutunza. Kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilipeleka Kinshasa vitu 114, na baadaye vingine vikaibwa. Ni kweli, na ni aibu ya wakubwa wetu waliolinda viti vyao wakaacha milango ya makumbusho wazi. Lakini vitu vile vilivyoibwa viliuzwa wapi? Vingine vilionekana sokoni Ulaya! Mwizi hana kazi asipokuwa na mnunuzi. Na mtu aliyeibiwa mara mbili hapotezi haki yake kwa sababu hiyo.

Tena Lubumbashi si mji wa vipofu. Tangu mwaka 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu chetu walikusanya kumbukumbu za watu wa kambi na mitaa, na kuzionyesha. Katika Oktoba ya mwaka uleule wa 2022 wasanii wa Picha walifanya hapa maonyesho yao makubwa ya saba, juu ya sumu inayoingia katika miji kama wetu. Watu wanaoweza hayo hawana haja ya kufundishwa kushika kinyago.

Basi twadai mambo manne, wala hatunong'oni.

Kwanza, orodha ile ya vitu 84,000 isomwe hadharani hapa Lubumbashi, kwa Kiswahili, ili Waluba, Watabwa, Wahemba na Walunda wajue kilicho chao.

Pili, kitu kikirudi, kiandikwe kuwa mali yetu. Neno mkopo lifutwe.

Tatu, mafuvu ya wazee yarudi kwa jamaa zao, wazikwe kama watu.

Nne, na hili ni kwa serikali yetu wenyewe: makumbusho ya Lubumbashi yapewe sehemu yake, si Kinshasa peke yake. Yapewe walinzi wenye mshahara, taa, na mlango ulio wazi Jumapili kwa mfanyakazi na watoto wake.

Nanyi, ndugu, msingoje. Wapelekeni watoto makumbusho. Waulizeni wazee majina ya vitu kabla hawajafa nayo. Waulizeni wabunge wenu wa jimbo wamesema nini juu ya orodha ile. Asiyejua kilichoandikwa katika daftari hataweza kudai.

Mali ya Kongo irudi Kongo, na ya Katanga ifike Katanga!