Poda ya akili kwa watoto: tuulize kwanza iko na nini ndani



Mama mwenye mutoto anayekohoa kila mwezi, ao mutoto asiyeshika masomo, yuko tayari kulipa. Wauzaji wanalijua. Ndiyo maana leo tunasema juu ya dawa za majani za India, zile wanaita ayurveda, zinazosifiwa kwamba zinampa mutoto nguvu ya kushinda magonjwa na zinafungua akili yake.

Hatudharau mambo ya wazee. Ayurveda ni uganga wa tangu zamani sana, na kule India serikali iko na wizara yake. Dawa nyingi ni vitu vya kawaida: matunda makali ya amla yanayopikwa na asali na sukari, majani ya brahmi, tangawizi. Sisi pia tuko na mizizi yetu.

Lakini kuna zingine ambazo wanatia madini ndani kwa kusudi. Wanachoma zahabu, zebaki ao risasi mpaka inakuwa majivu, wanayaita bhasma. Kuna hata desturi ya kumulambisha mutoto muchanga majivu ya zahabu na asali na siagi, ili awe na akili. Wachimbaji, ninyi mutatuelewa kuliko wengine: madini haigeuki majani kwa sababu imesagwa. Ile vumbi baba anaosha mbele ya kubeba mutoto, nani ataitia mu kijiko?

Mwaka 2004, waganga wa Boston, kule Marekani, walitangaza kwamba walipima dawa 70 za ayurveda zilizouzwa mu maduka ya kwao. 14 zilikuwa na risasi, zebaki ao arseniki. Na risasi inaharibu ubongo wa mutoto, hata ikiwa kidogo, bila homa, bila kidonda. Mama ananunua akili, kumbe analipia kitu cha kuipunguza! Na watoto wetu tayari wanapumua vumbi ya mugodi.

Asali nayo, kwa mutoto asiyetimiza mwaka moja, hapana. Inaweza kumuletea ugonjwa wa kulegeza mwili mpaka pumzi inakatika.

Muuzaji akisema “Mama, hii ni majani tu,” umuulize: kilicho ndani kimeandikwa wapi? Nani aliipima? Kama hana jibu, umurudishie kopo yake. Kama mutoto amekwisha kuikula, na tumbo linamuuma, choo kinafunga, damu inamupunguka, peleka mutoto pamoja na kopo yenyewe kwa muganga. Usiifiche kwa sababu ya haya.

Kinachojenga mutoto tunakijua: maziwa ya mama peke yake miezi sita, kisha uji, baadaye bukari na maharagi, ndagala, yai, lengalenga, chumvi yenye iode, chanjo zote ku kituo cha afya. Tunajua mushahara unachelewa na bei ya ndagala haishuki. Basi bei ya ile kopo, mama aihesabu kwanza kwa ndagala.