Masafa Yetu, Sauti za Wageni

Tanzania inasikika sana hewani, ila mara chache kwa sauti ya Mtanzania. Aliyewahi kukesha mbele ya redio ya masafa mafupi akisikiliza watu wa redio ya ridhaa anaifahamu alama yetu: 5H. Kila mwendeshaji mwenye leseni, popote duniani, ana alama ya wito inayoanza na herufi za nchi anakorushia. Kenya ni 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, Kongo 9Q. Mara nyingi 5H inapotajwa, anayeitaja ni mgeni aliyepanga nyumba ya ufukweni Zanzibar kwa wiki mbili, akafunga waya kwenye minazi, akaongea na maelfu ya watu wa Ulaya, Japani na Marekani, kisha akakunja vyombo vyake na kupanda ndege.

Sina ugomvi na wageni hao. Wamekuja na leseni na ujuzi wao, na wametumia nafasi ambayo sisi tumeiacha wazi. Ugomvi wangu ni na wenyeji wa nyumba.

Nasomea shahada ya uzamili katika mawasiliano, na kwa sababu hiyo nimehudhuria shughuli za klabu moja ya redio ya ridhaa ambayo sitaitaja jina. Nimekwenda mara za kutosha kujua ratiba yake. Jumamosi asubuhi watu wanakutana, wanapandisha antena, wanalinganisha redio mpya walizoagiza nje, wanaonyeshana kadi walizotumiwa na waendeshaji wa nchi za mbali kuthibitisha kwamba walisikilizana. Wikiendi ya mashindano wanapokezana kipaza sauti kuhesabu ni watu wangapi watawapata ndani ya saa 24. Kila mawasiliano yanachukua sekunde chache: alama ya wito, “five nine”, namba, kwaheri. Wengi wao ni wahandisi wastaafu, wageni wenye mikataba ya kazi, na wafanyabiashara wapenda mitambo. Kikao kimoja tulikuwa watu kumi na mmoja, tisa tunajua Kiswahili vizuri, na kikao kizima kikaendeshwa kwa Kiingereza. Kijana wa chuo cha ufundi aliuliza aanzie wapi. Akajibiwa: “Nunua redio kwanza, ndipo uje.” Sikumwona tena.

Jibu lile linapingana na maana yenyewe ya shughuli hii. Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, zinaitaja kuwa ni huduma ya kujifunza mwenyewe, kuwasiliana na kufanya utafiti wa kiufundi, bila kutafuta fedha. Kujifunza kumetajwa kwanza. Ridhaa hapa ni ile ile ya ngumi za ridhaa: unaingia kwa mapenzi yako na hulipwi. Sasa ni klabu gani ya ngumi inayomwambia kijana anunue ulingo kwanza?

Wapo watakaouliza kwa nini mtu apoteze muda na jambo hili wakati kila mtu ana simu mfukoni. Swali ni la haki, na jibu lake liko kwenye namna vitu hivi viwili vinavyofanya kazi. Simu yako haiongei na simu ya mwenzako. Inaongea na mnara, mnara unaongea na mitambo ya kampuni, mitambo inatafuta mnara mwingine, na kila hatua inahitaji umeme na njia iliyo nzima. Wimbi la redio la masafa mafupi, kati ya megahezi 3 na 30, linapanda hadi kwenye tabaka la juu la anga lililochajiwa na jua, linapinda na kurudi ardhini mamia au maelfu ya kilomita mbali. Katikati hakuna mnara wala kampuni. Kwa masafa ya megahezi 7, yanayoitwa mita 40, antena yake ni waya wa mita kama 20 uliokatwa katikati na kuinuliwa juu ya miti miwili. Betri ya gari inatosha kuiendesha redio. Wazazi wetu waliijua teknolojia hii kwa jina la simu ya upepo. Hospitali za misheni na kambi za hifadhi za wanyama ziliitumia miaka mingi kabla ya mnara wa kwanza wa simu za mkononi.

Tarehe 26 Desemba 2004, kundi la waendeshaji wa ridhaa kutoka India lilikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, likifanya kile kile wageni wanachokifanya Zanzibar: kurusha kutoka kisiwa ambacho hakijasikika hewani kwa miaka mingi. Aliyeliongoza ni mwanamke, Bharathi Prasad. Tetemeko na tsunami vilipokata mawasiliano ya visiwa, waliacha kuhesabu alama na kuanza kupeleka habari za waliokufa, waliookoka na misaada iliyohitajika. Mchezo uligeuka kazi siku ile ile, kwa sababu mikono ilikuwa imeshazoea. Mawimbi yale yalifika siku hiyo hiyo hadi pwani za Somalia, Kenya na Tanzania, na huku pia yaliua. Mwaka 2017, Kimbunga Maria kilipoangusha zaidi ya asilimia 90 ya vituo vya simu za mkononi Puerto Rico, Chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani kiliomba waendeshaji 50 wa ridhaa waende kusaidia. Waombaji walijua pa kuuliza, maana vilabu vipo na kila Juni wanachama wake hujizoeza kurusha nje ya nyumba kwa jenereta na betri.

Sisi tungemwuliza nani? Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Siku nane baadaye, tarehe 12, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki kwa siku kadhaa. Tulilalamika kwamba miamala imekwama na WhatsApp haifunguki. Tulikuwa na bahati, kwa sababu mambo hayo mawili yalipishana na minara mingi ilikuwa bado imesimama. Yangetokea siku moja, na upepo ungekuwa mkali zaidi, Mafia au Kilwa ingetoa habari kwa njia gani? Miezi mitano kabla ya hapo, tarehe 3 Desemba 2023, matope ya Mlima Hanang yaliifunika sehemu ya Katesh asubuhi. Maafa yetu hayatoi taarifa ya kutosha kuagiza redio kutoka China na kumfundisha mtu kuitumia.

Hoja ya pili ninayoisikia ni ya usalama: ukiwapa vijana mitambo ya kurusha, nani atajua wanasema nini? Kila mtu atajua. Mwendeshaji wa ridhaa analazimika kutaja alama yake ya wito, jina lake liko kwenye daftari la mamlaka, na kanuni za kimataifa zinamkataza kuficha maana ya ujumbe kwa msimbo anapoongea na nchi nyingine. Mwenye kipokezi yeyote anamsikia. Mtu mwenye nia mbaya ana programu kumi kwenye simu zinazomficha vizuri zaidi. Tena kanuni hizo hizo za ITU zinazihimiza serikali ziviruhusu vituo vya ridhaa kujiandaa kwa mawasiliano ya maafa.

Ya tatu ni gharama, na hapa nakubali nusu. Redio ya masafa mafupi ni ghali kwa mwanafunzi mmoja. Kwa klabu ya wanafunzi arobaini si ghali, na kusikiliza ni rahisi kuliko kurusha. Redio ndogo za mkononi za Kichina za mita 2 zinapatikana kwa bei ya simu ya kawaida, na kwa masafa hayo kijana anaweza kumsikia mwanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga kinapopita juu yake, kwenye megahezi 145.800, siku anazozungumza na shule. Wala hatakiwi kwanza kuwa bingwa wa Mosi: mkutano wa dunia wa mwaka 2003 uliondoa sharti la kimataifa la mtihani huo.

Kinachobaki ni lugha, na hapo ndipo vilabu vyetu vinakosa kisingizio. Vitabu vya kufundishia redio ya ridhaa viko kwa Kiingereza, Kijapani, Kijerumani, Kihispania. Kwa Kiswahili sijaona hata kijitabu cha kurasa ishirini cha kumweleza mwanafunzi wa kidato cha tatu urefu wa wimbi ni nini, antena hukatwaje, na hewani mtu husemaje. Wahandisi wastaafu ninaowasema wanayajua haya yote kichwani. Wakifa nayo, itakuwa ni hasara waliyoichagua.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na nayadai kwa klabu kabla ya serikali. Kila klabu iwe na redio moja ya kufundishia ambayo mgeni anaruhusiwa kuigusa siku yake ya kwanza. Kila klabu iandike mafunzo yake kwa Kiswahili, hata kama ni kurasa za kutoa fotokopi. Na kila klabu ichukue chuo kimoja cha ufundi au sekondari moja kuilea, ikianzia wilaya za pwani na za mabondeni ambako mafuriko yanajulikana kwa majina ya miaka.

Nina na pendekezo la nne la kuanzia. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, na kwetu ni Sabasaba. Jioni ya siku hiyo, kwenye megahezi 7, Dar es Salaam inaweza kusikilizana na Mombasa, Kigoma, Kampala, Bujumbura na Bukavu kwa waya wa mita 20. Tuitane kwa Kiswahili, polepole, bila mashindano: wewe nani, uko wapi, unanisikiaje, mvua imenyesha? Kituo kitakachokosekana siku hiyo ndicho tutakachojua kwamba kinahitaji redio, mwalimu au leseni kabla ya masika yanayofuata.