Chema Hakijiuzi

Hakuna methali inayotumiwa vibaya vyuoni kwetu kama hii: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mhadhiri wa historia akisikika redioni mara mbili, wenzake huanza kunong'ona kwamba ameacha utafiti, sasa anatafuta jina. Anayejifungia na kuchapisha makala za Kiingereza katika jarida lisilofika hata Chalinze, huyo ndiye msomi. Kazi yake ikiwa nzuri, wanasema, itajulikana tu.

Haitajulikana.

Niliwahi kuhudhuria utetezi wa tasnifu kuhusu nyimbo za kutwanga. Mama wa mtahiniwa alikuwa amesafiri kutoka kijijini, akaketi nyuma na kitenge chake kipya. Nyingi ya nyimbo zilizochambuliwa siku ile zilirekodiwa kinywani mwake. Binti alizungumza Kiingereza kwa nusu saa, akafaulu, tukapiga makofi. Tulipotoka nje mama akamuuliza kwa upole: "Sasa mwanangu, ulikuwa unanisema vizuri au vibaya?" Binti alianza kujibu, akakwama. Niliumia kwa ajili yake, maana kosa halikuwa lake. Miaka yote ile ya masomo hakuna aliyemwandaa kwa swali hilo.

Tena hapa hakuna cha kuuza. Malighafi ya mwanahistoria na ya mtafiti wa fasihi simulizi ni kumbukumbu za watu. Umeingia kwa mzee, umekaribishwa mkeka, umeondoka na masimulizi yake, umepata shahada. Kurudi kumweleza ulichokiona ndani yake ni kulipa deni, na anayelipa deni hajitembezi.

Watetezi wa ukimya hudai kwamba kurahisisha ni kuharibu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Gilbert Gwassa miongoni mwao, walikwenda kusini kuwahoji wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kazi yao ni hazina. Lakini wanafunzi wengi wa sekondari walikutana na Kinjeketile wa Ngarambe, mganga aliyewapa wapiganaji maji ya kuwakinga na risasi, katika tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969, iliyoandikwa kwa Kiswahili. Je, Hussein alirahisisha? Kinjeketile wake anajua maji hayazuii risasi, anateswa, na bado anakataa kutamka hadharani kwamba yalikuwa uongo, kwa ajili ya watakaokuja baada yake. Hilo ni fumbo zito la historia na imani, na kijana wa miaka 16 analibeba zima.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda mjini Songea akaomba msamaha kwa waliyoyatenda wakoloni wa Kijerumani katika vita hivyo. Siku kama hiyo mwananchi ana haki ya kuelezwa kwa nini Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, alinyongwa mwaka 1906, na kwa nini njaa iliua watu wengi kuliko bunduki. Mwanahistoria asiyeweza kulieleza hilo redioni kwa dakika tano amemwachia nafasi mpotoshaji wa WhatsApp, ambaye hasubiri kuitwa.

Dakika tano hizo ni ufundi, nao hufundishwa kama kusoma nyaraka za kikoloni: kuanza na swali la msikilizaji badala ya nadharia, kusaka neno la Kiswahili mpaka lipatikane, kukatizwa bila kupoteza uzi. Vyuo viwalipe wahariri na watangazaji waje wafundishe. Kazi hiyo ihesabike mtu anapopandishwa cheo, maana leo makala ya gazetini inaonekana kama mchezo. Na kabla ya joho, kila mtahiniwa arudi alikokusanya data, asimame mbele ya waliompa, na mama yule akae kiti cha mbele, awe wa kwanza kuuliza.