Pasaka inapimwa kwenye mizani

Bwana amefufuka. Sisi wana wa Kayna tuliimba maneno hayo tukiwa mbali na kwetu. Mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa M23, vita ikafika Kirumba na Kayna. Tulibeba watoto na matela, tukashika barabara ya Lubero mpaka Butembo. Wengine wetu wakaendelea mpaka upande wa Manguredjipa, kutafuta maisha mu mashimo ya dhahabu.

Katika Kwaresima tulifunga, tulibeba musalaba, tulilia. Ni vizuri. Lakini tuseme ukweli: kisha misa ya Pasaka, ufufuko tunauona wapi? Sisi wa sendika tunajibu: tuuangalie kwenye mizani.

Muchimbaji yeyote anajua kile kimizani kidogo. Upande mumoja dhahabu, upande mwingine njiti ya kibiriti au kipande cha feza. Njiti ikilowanishwa maji kidogo inakuwa nzito, na jasho la wiki nzima linapungua mbele ya macho yako. Anayepima ni mukristu. Anayeibiwa ni mukristu. Siku ya Mungu wote wawili wanapeana mukono wa amani mu kanisa moja.

Floribert Bwana Chui alitangazwa mwenye heri, kule Roma, tarehe 15 mwezi wa sita 2025. Hakuwa padri. Alikuwa kijana wa Goma, mufanyakazi wa OCC, ile ofisi ya serkali inayopima bidhaa. Wenye kupitisha chakula kilichoharibika walimupa feza ili afunge macho. Alikataa, juu watu wangekula sumu. Mwezi wa saba 2007 walimuteka, wakamuua. Alikuwa na miaka 26. Papa Fransisko alipokutana na vijana Kinshasa mwaka 2023, alimutaja kama mufano kwao.

Tunapenda kusema: yule alikuwa mutakatifu, sisi ni watu wa kawaida. Hapana. Kazi yake ilikuwa ya kawaida: kupima, kuandika, kusema kitu hiki ni kizuri, kile ni kibaya. Ni kazi ileile ya mwenye mizani kwenye shimo.

Tena tukumbuke wamama. Asubuhi ya Pasaka ni wamama waliofika kwanza kwenye kaburi, wakijiuliza nani atawaondolea lile jiwe. Kwetu wamama njo wanaotwanga mawe tangu alfajiri, mutoto mugongoni, vumbi mu kifua. Lakini wakati wa kugawanya, PDG wa shimo anachukua, wanunuzi wanachukua, wenye barieri wanachukua, mama anaambiwa arudi kesho. Habari ya kwanza ya Pasaka ilitolewa kwa wamama. Juu ya nini malipo yao yanakuwa ya mwisho?

Tusinyooshe kidole kwa wengine tu. Sisi pia tunaungama. Kuna siku tuliona mizani ya uongo, tukanyamaza, juu mwenye shimo alikuwa ametusaidia feza za kuzika mwenzetu. Tulijiambia kwamba ni heshima. Ilikuwa woga. Wachimbaji walituangalia, wakainamisha kichwa, wakarudi mu shimo. Mbele yao tulikuwa kama lile jiwe lililofunga kaburi.

Njo maana, kwa siku hizi 50 mpaka Pentekoste, tunaomba vitu viwili. Mizani ipimwe mbele ya watu wote, na kipimo kikiwa kibaya kitupwe palepale. Wamama wanaotwanga walipwe siku ileile, mbele ya PDG, mbele yetu pia. Mapadri na mapasta wanaofika kwenye mashimo kuombea kazi, waombe kwanza kuona mizani, kisha wabariki.

Haya hayatamaliza vita. Hayatafungua barabara ya kurudi Kayna leo. Lakini tukirudi siku moja, turudi na mikono gani? Aliyezoea kumupunja mukimbizi mwenzake atajenga muji gani pale kwetu?

Kwa mwenye kupima na mwenye kupimiwa: Pasaka njema.