Kizuri Hakijiuzi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sina ugomvi na wahenga wakiwa sokoni wanauza maembe. Ugomvi wangu ni na wale wanaoibeba methali hii na kuipeleka uwanjani, wakatuhubiria kwamba mwenye kipaji ataonekana tu hata akifunikwa kwa pishi. Wakitaka ushahidi, hukimbilia Marekani, kwa wachezaji wa besiboli waliosoma katika vyuo vya jamii, yaani vile vyuo vya umma vya miaka miwili vinavyompokea karibu kila anayebisha hodi, kisha wakafika ligi kuu na kuwa mabingwa. "Mtazame Albert Pujols," hutuambia. "Alitoka chuo kisichojulikana, na bado alionekana."

Haya, na tumtazame.

Pujols alizaliwa Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika, mwaka 1980. Alihamia Marekani akiwa kijana na kumalizia sekondari huko Independence, jimbo la Missouri. Hapo warushaji walimwogopa hata wakawa wanamkwepa makusudi asipate mpira wa kupiga. Mapema mwaka 1999 alijiunga na Chuo cha Jamii cha Maple Woods, Kansas City, na katika mchezo wake wa kwanza alipiga mpira ukavuka ukuta wakati wenzake wamejaa kwenye vituo vyote vitatu. Kwa asiyeujua mchezo huu, hilo ndilo pigo kubwa kuliko yote: alama nne kwa mara moja.

Juni mwaka huo ulifika uteuzi. Kila mwaka klabu 30 za ligi kuu hukaa na kutaja, moja baada ya nyingine, majina ya vijana zinaowataka. Zote zikishataja, raundi imekwisha na nyingine inaanza. Pujols alitajwa na St. Louis Cardinals katika raundi ya 13, akiwa wa 402. Vijana 401 walionekana bora kuliko yeye, na Cardinals wenyewe walikuwa wameshataja majina zaidi ya kumi kabla ya kulikumbuka lake. Wasaka vipaji walikuwa na sababu zao. Wengine walitilia shaka umri wake. Wengine walisema mwili wake ni mzito, na kwamba haijulikani atasimama nafasi gani uwanjani. Alipewa ahadi ya dola 10,000, akakataa, akaenda kucheza majira ya joto huko Kansas, ndipo dau likapanda hadi karibu dola 60,000 akatia saini. Mwaka 2001 aliingia ligi kuu, akapiga mipira 37 nje ya uwanja, akachaguliwa mchezaji bora chipukizi kwa kura zote. Alipostaafu mwaka 2022 alikuwa na mapigo 703 ya namna hiyo. Waliomzidi katika historia yote ya ligi hiyo ni watatu tu: Barry Bonds, Hank Aaron na Babe Ruth.

Sasa nauliza: kizuri kilijiuza wapi hapo? Kilikaa juani siku nzima, wanunuzi wakakipita mara 401. Anayesoma habari hii akahitimisha kwamba mfumo wa kutafuta vipaji ni hodari, huyo anafanana na mlinzi anayejisifu kwa kumkuta mwizi wakati mwizi amekwisha lala kitandani kwa mwenye nyumba. Habari ya Pujols ni ushahidi dhidi ya wateuzi, na ni ushahidi wa upande wa chuo, kwa sababu Maple Woods ndiyo iliyompa uwanja, kocha na mechi za kucheza wakati wenye fedha wakibishana kuhusu kiuno chake.

Wa pili ni Mike Piazza, na huyu ndiye anayewavua nguo kabisa wahubiri wa methali. Alianza Chuo Kikuu cha Miami, akawa hachezi, akahamia Chuo cha Jamii cha Miami-Dade. Mwaka 1988 Los Angeles Dodgers walimtaja katika raundi ya 62, akiwa wa 1,390. Na hata hiyo raundi ya 62 haikutokana na jicho kali la msaka vipaji. Baba yake alikuwa rafiki wa siku nyingi wa Tommy Lasorda, kocha mkuu wa Dodgers, na Lasorda aliomba kijana atajwe kama fadhila tu. Sisi huku tunalijua jambo hili, tena tuna jina lake: kujuana. Aliyetajwa kwa fadhila alikuja kupiga mipira 396 nje ya uwanja akiwa mdakaji, idadi ambayo hakuna mdakaji mwingine aliyeifikia, na mwaka 2016 akaingizwa katika Jumba la Magwiji huko Cooperstown. Hebu jiulize: ni akina Piazza wangapi ambao baba zao hawakuwa na Lasorda?

Sisemi vyuo hivi vinafanya miujiza. Vinafanya mambo matatu ya kawaida ambayo wakubwa hawana subira nayo. Kwanza ada ni ndogo na chuo kipo karibu na nyumbani. Pili, kijana wa mwaka wa kwanza anacheza. Hakalishwi benchi miaka miwili kumsubiri kaka wa mwaka wa nne aondoke. Tatu, kanuni ya uteuzi inamruhusu atajwe mwaka wowote, ilhali aliyeingia chuo kikuu cha miaka minne husubiri amalize mwaka wa tatu au afikishe umri wa miaka 21.

Hilo la ukaribu na nyumbani watu hulidharau, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Kirby Puckett alikulia Chicago katika majengo ya Robert Taylor Homes, makazi ya watu maskini ambayo magazeti yaliyataja zaidi kwa habari za uhalifu. Alipomaliza sekondari hakuna chuo kilichomwita kwa ufadhili wa michezo. Alifanya kazi katika kiwanda cha magari cha Ford, kisha akapata nafasi Chuo Kikuu cha Bradley. Baba yake alipofariki, alitaka kuwa karibu na mama yake. Mtoto wa nani asingetaka? Lakini katika michezo ya kulipwa, kijana anayerudi nyumbani kwa sababu ya msiba huandikwa kwamba hana moyo. Puckett alihamia Chuo cha Triton, River Grove, nje kidogo ya Chicago, akacheza huko, na Januari 1982 Minnesota Twins wakamtaja akiwa wa tatu. Miaka mitano baadaye Twins walikuwa mabingwa, wakarudia mwaka 1991, yeye akiwa katikati ya yote mawili. Kama Triton isingekuwepo, Puckett angelazimika kuchagua kati ya mama na mpira, na nina hakika angemchagua mama. Hakuna ambaye angemsikia tena.

Wala si jambo la juzi. Jackie Robinson, aliyevunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu mwaka 1947 akiwa na Brooklyn Dodgers, alianzia Pasadena Junior College kabla ya kwenda UCLA. Wanaomtukuza kila Aprili hukitaja Chuo Kikuu cha UCLA na kukiruka kile kidogo.

Kuna watakaonirushia jina la Bryce Harper. Naam, Harper alipitia Chuo cha Southern Nevada, akatajwa wa kwanza kabisa mwaka 2010, na mwaka 2019 Philadelphia Phillies wakampa mkataba wa miaka 13 wa dola milioni 330. Lakini Harper hakuwa amefichika. Alikuwa mtoto mashuhuri tangu sekondari. Aliiacha mapema, akafanya mtihani wa kulingana na cheti, akaingia chuo cha jamii akiwa na miaka 17 ili aweze kuteuliwa mwaka mmoja kabla ya wenzake. Simlaumu, kanuni iliruhusu. Ninachosema ni kwamba wenye taarifa na washauri wanaujua vizuri thamani ya mlango huu. Wanaoambiwa kwamba ni mlango wa walioshindwa ni maskini peke yao.

Na sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Tangu mwaka 2012 uteuzi ulikuwa na raundi 40. Mwaka 2020, kwa kisingizio cha korona, ligi kuu iliukata hadi raundi 5. Korona ilipopungua hawakuzirudisha raundi zao 40. Waliweka 20, na 20 zimebaki. Mwaka 2021 wakazipunguza pia timu za ligi ndogo zinazofungamana na klabu kubwa, kutoka 160 hadi 120. Timu hizo ndizo shule anamopikwa mchezaji kabla ya kupanda. Kwa hesabu ya haraka, majina kama 1,200 yamekuwa kama 600, na viwanja vya kujifunzia vimepungua kwa robo. Klabu hizi ndizo zinazotia saini mikataba ya mamia ya mamilioni, kisha zinatuambia raundi ya 30 ni gharama.

Turudi mwaka 1990. New York Yankees walimtaja mrushaji Andy Pettitte katika raundi ya 22, na katika raundi ya 24 wakamtaja Jorge Posada, kijana wa Puerto Rico aliyekuwa Chuo cha Jamii cha Calhoun, Alabama, baada ya alama zake za mtihani kutotosha kuingia chuo cha miaka minne. Kanuni ya siku hizo iliiruhusu klabu kumtaja kijana, kumwacha chuoni, na kumfuatilia hadi karibu na uteuzi uliofuata. Pettitte alikwenda Chuo cha San Jacinto, Texas, akacheza mwaka mmoja. Wote wawili walitia saini mwaka 1991. Mmoja akawa mrushaji aliyeshinda michezo 256, mwingine akawa mdakaji wa Yankees kwa miaka mingi, na mwaka 2009 bado walikuwa pamoja katika timu iliyotwaa ubingwa. Raundi ya 22 na raundi ya 24. Kwa kanuni ya leo, mkutano ungekuwa umefungwa, viti vimepangwa juu ya meza.

Najua majibu yao. La kwanza: asiyetajwa bado anaweza kusajiliwa nje ya uteuzi. Anaweza, ndiyo, ikiwa kuna atakayempigia simu, na simu hupigwa kwa anayejulikana. La pili ndilo wanalolipenda zaidi: siku hizi kuna kamera na mitambo inayopima kasi ya mpira na mzunguko wake, kwa hiyo hakuna anayepotea tena. Jibu hili lina akili, lakini haliendi mbali. Mtambo hupima mpira wa aliyefika mbele yake. Kufika mbele yake kunahitaji nauli, ada ya mashindano ya maonyesho, na mzazi mwenye nafasi ya kukusindikiza mwishoni mwa juma. Tena mtambo hupima leo. Haukuweza kumwambia mtu kwamba Posada, aliyekuwa hachezi kama mdakaji, angekuja kuwa mdakaji. Hilo lilijulikana baada ya kumpa miaka.

Mtauliza mwanafunzi wa Uganda anatafuta nini katika ugomvi huu wa Wamarekani. Sisi tumo. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walicheza Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto. Mwaka uliotangulia timu ya Uganda ilikuwa imefuzu vilevile, ikanyimwa viza kwa sababu ya hati za umri na uzazi. Shaka ileile ya umri iliyomfuata Pujols. Mwaka 2022 Dodgers waliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, na mitandaoni kwetu methali ikafufuka: mnaona, kizuri chajiuza! Hakikujiuza. Palikuwa na kiwanja kilichojengwa Mpigi kwa msaada wa kutoka nje, palikuwa na makocha waliofundisha watoto mchezo ambao jirani zao waliucheka. Palipo na kiwanja kimoja nchi nzima, aliye mbali nacho hata awe na mkono wa Pettitte ataishia kurushia ndege mawe.

Na dharau yetu kwa vyuo vya kati ni ileile. Hapa Uganda anayeingia chuo kikuu kwa njia ya stashahada, baada ya miaka miwili katika chuo cha ufundi au cha biashara, huitwa na wenzake aliyepitia mlango wa nyuma. Nimelisikia neno hilo darasani, tena kutoka kwa watu ambao jioni huvaa kofia za Yankees bila kujua aliyezipa sifa alitoka Calhoun.

Ligi kuu irudishe raundi ilizozikata na timu ilizozifunga, fedha inazo. Wizara zetu zinazohusika na elimu na michezo ziweke viwanja katika vyuo vya kati, kwa sababu huko ndiko waliko vijana ambao hakuna aliyewataja. Na wenzangu wa darasani waache kulitamka lile neno mbele ya watu waliofika darasa lilelile, wakaketi kiti kilekile, na wengine wakawapita kwa alama.